Mistari Minne ya Historia ya Chombo

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua daftari hili leo, kurasa mia mbili, jalada gumu. Ofisi hupoteza mafaili, na mimi si mtu wa kupotezwa. Kila hatua nitaiandika na tarehe yake, ili siku wakisema hawanioni kwenye kumbukumbu zao niwafungulie ukurasa, wajionee wenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Jana Jumapili tulikuta tangazo limebandikwa kwenye lango la gati. Boti zote za matembezi zenye injini, hata zisizobeba abiria wa kulipa, ziandikishwe, zipewe namba na hati ya umiliki. Mwisho tarehe 10 Mei. Tangu sasa isiyo na namba hairuhusiwi kutoka, na siku hiyo ikipita itavutwa na kupigwa mnada. Kipara, mlinzi wa lango, alilisoma kwa sauti, akamaliza, akanigeukia. Wote wakanigeukia. Nimeshazoea. Kwenye ziwa hili ukitaja boti, watu wanaona uso wangu.

"Mjomba, na wewe umo?" Kipara akauliza. Gati zima linaniita Mjomba, ingawa mpwa wa damu ninaye mmoja tu, na yuko mbali.

"Mimi? Hao waandikishaji wakiniona watasimama wima."

Abiria wangu wa Jumapili walikuwa saba. Wakacheka, wakakaa kidogo, wakarudi makwao. Hatukutoka. Kwa miaka saba boti yangu haijawahi kukosa Jumapili, ukiacha ile wiki nilipougua tumbo, ambalo daktari alisema kwa mtu mwingine lingekuwa habari nyingine.

Jumanne, 5 Machi

Ofisi ya usajili iko ghorofa ya kwanza, chumba namba tisa. Benchi moja, feni isiyozunguka, na mwanamke wa makamo mwenye mihuri sita iliyopangwa mezani kama vikombe vya wageni. Nimempa jina la Bi Mihuri. Hakuniuliza mimi ni nani. Alinipa fomu ya kurasa nne, akarudi kwenye karatasi zake.

Nikaipitia palepale. Kipengele cha kumi na moja: Historia ya chombo na namna kilivyopatikana. Wameacha mistari minne. Minne! Kwa boti kama ile.

"Mama, naweza kuongeza karatasi?"

"Kama kuna ulazima, baba. Watu hawaongezi."

"Hao watu hawana historia."

Akagonga muhuri kwenye karatasi ya mtu mwingine. Nimeona hana ucheshi. Watu wa ofisini ndivyo walivyo, wamekaushwa na feni, hata isiyozunguka.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imeanza. Wateja watatu tu kibandani kwangu ninapochonga funguo, funguo mbili za kufuli na moja ya kabati. Nikapata nafasi ya kujaza fomu. Shule niliishia darasa la sita, walimu wakiwa wameishiwa cha kunifundisha, lakini mwandiko wangu hata tarishi wa posta aliusifu.

Historia imechukua kurasa tatu za ziada. Nimeeleza nilivyoijenga boti kwa mikono yangu kwa miezi kumi na moja, usiku na mchana, nikikunja fibaglasi kwenye mvuke wa sufuria. Nimeeleza lile lori lililotumbukia ziwani na nikalivuta hadi nchi kavu, dereva akiwa bado ndani anasikiliza redio. Kwenye nguvu ya injini nimeandika 140. Bati la injini linasema 40, lakini bati halijawahi kuendesha boti.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewasilisha. Bi Mihuri alisoma kurasa zote tatu bila kuruka. Kwenye lori aliinua macho, akayashusha.

"Umeijenga mwenyewe?"

"Kwa mikono hii, mama."

"Haya." Muhuri. Nadhani imemgusa.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Funguo nne.

Jumatatu, 18 Machi

Jana walikuja wawili. Nikawakaribisha wakae botini hivyohivyo imefungwa, nikaanza kuwahadithia lile lori. Mvua ilipokolea wakaaga, lori likiwa bado majini. Nilimalizia peke yangu, kimoyomoyo, kisha nikafunika injini.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nitaandika sana, mkono utaniwia radhi.

Nimeitwa ofisini. Bi Mihuri alikuwa na barua ameshaichapa. Kwa kuwa chombo ni cha kujitengenezea, nilete mchoro wake, picha za ujenzi, na cheti cha fundi wa boti. Na kwa kuwa injini inazidi mia moja, nilete cheti cha unahodha cha daraja la pili, na boti ifungwe redio ya mawasiliano.

"Nani kasema inazidi mia?"

"Wewe, baba. Kipengele cha saba."

"Hapo nilikuwa nakadiria."

"Na mchoro?"

"Mchoro uko kichwani."

Akavua miwani. Kwa mara ya kwanza nikaona macho yake, yamechoka na wala hayana ubaya. "Baba, mimi hapa sikamati mtu. Naandika kilicholetwa. Ukiniletea mlima, nauandikisha mlima, na masharti ya mlima yatakufuata."

Vijana wawili kwenye benchi wakaguna.

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza mkaguzi aione boti. Kama kuna kipengele ulikosea, utakula kiapo kwa wakili kwamba maelezo ya kwanza si ya kweli, ujaze fomu upya."

"Sikusema uongo, mama. Nilieleza kwa urefu."

"Kiapo hakina sehemu ya urefu," akasema, akaniandikia siku ya mkaguzi.

Nimerudi kwa miguu. Mvua ilinilowesha hadi soksi. Nyumbani niliongea mwenyewe nikimjibu Bi Mihuri, majibu makali kweli, ambayo angeyasikia angehamishwa kituo. Halafu nikanyamaza, kwa sababu hata kwenye majibu yale alikuwa ananishinda.

Alhamisi, 28 Machi

Mkaguzi ni mtu mfupi mwenye buti za mpira na brashi mkononi. Nilifikiri atakuja siku isiyo na watu. Akaja gati limejaa, watu wamejikinga mvua chini ya paa la lango.

Alihesabu makoti ya kuokolea, manne. Akasema basi boti itabeba wanne, wala haijalishi mimi nimezoea wangapi. Akasoma bati la injini kwa sauti: "Arobaini." Kisha akaenda nyuma, upande wa kulia, chini kidogo ya ukingo. Pana ukoga pale. Akausugua. Zikatokea herufi na namba kumi na mbili, zimezamishwa ndani ya fibaglasi.

"Hii ni boti ya kiwandani," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesema leo ni Alhamisi.

Ikasikika mvua tu juu ya bati. Kisha Kipara: "Mjomba! Kumbe kiwanda kilikuwa chako?"

Wakacheka. Nikacheka nao, nikazidisha, nikacheka kuliko wote. Nilikuwa bado nacheka wenzangu walipoacha.

Jumapili, 31 Machi

Hakuja mtu.

Jumanne, 2 Aprili

Bi Mihuri amepata majibu. Ile namba iko kwenye kitabu cha duka lililoiuza, na mnunuzi ni mwanamke. Akanisomea jina lake kamili, taratibu, la ukoo na yote. Ni miaka mitano sijalisikia likitamkwa na mtu mwingine.

"Ni nani wako?"

"Ni mtu ninayemfahamu."

"Basi huyo unayemfahamu ndiye mwenye boti. Anatakiwa asaini hati ya kukukabidhi. Hapa panatakiwa mkono wake." Akanipa karatasi, akaongeza kwa sauti ya chini ili benchi lisisikie: "Hatukosi wanaoogopa hii karatasi, baba. Huanza na wiki mbili za kuizunguka. Wewe huna hizo wiki nyingi."

Niseme kidogo, maana daftari ni langu. Huyo alikuwa mke wangu. Gatini nimeshaeleza kwamba aliondoka kwa kuwa hakuzoea kuishi na mtu anayejulikana. Siku nyingine nimesema nilimwachia aende akaendeleze biashara, kwa moyo mkunjufu. Zipo hadithi tatu za aina hiyo, nazizungusha.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Nimechonga ufunguo wa mlango wa mbele wa nyumba ya maharusi, nakala mbili zinazofanana, kila mmoja wa kwake. Nikawafungia pamoja kwenye pete moja kwa makosa. Wakarudi kucheka.

Jumatano, 10 Aprili

Nimeenda hadi mtaa wake, nyuma ya hospitali. Nikanunua soda ambayo sikuwa na kiu nayo. Nikarudi.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeenda hadi kwenye kona. Mlango wake ni wa bluu, na kitasa ni cha aina ambayo ufunguo wake huliwa upesi. Nikarudi.

Jumanne, 16 Aprili

Kipara ameuliza: "Boti vipi, Mjomba? Siku zinakwisha." Nikamwambia nina watu wizarani. Usoni alionekana kama mtu anayetaka kuniamini ila kachoka.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeonana naye.

Anashona mapazia. Chumba cha mbele chote ni vitambaa, na mashine ni ileile aliyoondoka nayo. Nilibisha, akasema "Ingia" bila kuuliza nani. Nilipoingia alinitazama, akamalizia mshono, akakata uzi kwa meno. Amenenepa kidogo. Kanawiri.

"Karibu kiti. Sio hicho, kina pini."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Njiani niliirudiarudia peke yangu: serikali imeniomba boti yangu iwe ya kwanza kuandikishwa, na kwa heshima yake nimeona nimshirikishe. Nikafungua mdomo, nikasema: "Shikamoo." Mimi nimemzidi miaka mitatu.

Akacheka hadi akashika mashine. "Marahaba, mwanangu. Umekuja kukopa chumvi?"

Nikampa karatasi. Akaisoma. Hajabadilika, husoma na maandishi madogo ya chini.

"Kwa hiyo wamegundua."

"Kuna mkaguzi ana brashi."

"Na watu wa gatini walikuwa wanajua vipi?"

Nikakitazama kile kiti chenye pini.

"Uliwaambia umeinunua?"

"Nimeijenga," nikasema.

Nilifikiri atacheka tena. Akaanza kukunja kitambaa, ncha kwa ncha, taratibu.

"Miaka kumi na tisa nimefua mashuka ya hospitali," akasema. "Kiinua mgongo kilipotoka, dada zangu waliniambia nijenge vyumba viwili. Nikasema hapana, mume wangu anaongea habari ya boti tangu tuoane. Tulikwenda dukani pamoja. Unakumbuka ulisimama wapi?"

"Nje."

"Nje. Ukasema unapima upepo."

"Upepo ulikuwepo."

"Ulikuwepo." Akakunja tena. "Unajua nimepanda ile boti mara ngapi? Mara tatu. Mara tatu tu. Kila Jumapili ulikuwa na abiria wako, leo wako sita, kesho wako tisa, na mimi nikija unasema leo imejaa. Nilidhani una mwanamke. Nikaja gatini siku moja bila kukuaga, nikakaa nyuma ya maboya, nikakusikia unavyowahadithia. Kila ulichosema mimi nilikuwepo, na hakikuwa hivyo. Nikaelewa. Si kwamba boti ilikuwa imejaa. Usingeweza kuongea mbele yangu."

Nilitafuta neno. Mimi! Nilitafuta mahali pote.

"Sikuondoka kwa ajili ya uongo," akasema. "Hadithi zako zilikuwa zinanichekesha, mwenyewe unajua. Niliondoka kwa sababu kila Jumapili ulikuwa unachagua wao."

Akachukua kalamu, akasaini. Akauliza tarehe, nikamwambia. Akanirudishia karatasi na kusema nisiikunje katikati, wino utashika.

Nikamwambia kitasa chake cha mlango ni kibaya, nitakuja kumbadilishia. Akasema kuna fundi anakuja Jumatatu.

Nimekaa hapa kitandani na karatasi sijaikunja. Zile tatu ninazozizungusha gatini nimejaribu kuzisema kwa sauti, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyonifikisha mwisho.

Jumatano, 24 Aprili

Nimekula kiapo kwa wakili. Dakika nne. Nimekubali mbele yake kwamba sikuijenga boti, injini ni 40, na lori sikulivuta. Wakili akauliza: "Lori lipi?" Nikamwambia aliache.

Fomu mpya, kipengele cha kumi na moja: "Boti ilinunuliwa mpya na mke wangu wa zamani kwa kiinua mgongo chake. Nimeitumia kwa miaka saba. Amenikabidhi kwa hati." Mstari mmoja na nusu haukutumika. Nimeupiga mstari wa kalamu, kama fomu inavyoagiza.

Jumanne, 30 Aprili

Bi Mihuri amesoma kila kitu. Kwenye kipengele cha kumi na moja alikaa kidogo, akaniambia, "Ahsante, baba," kama mtu aliyeletewa kitu nyumbani. Nilimdhania vibaya mama huyu. Watu wote wanamletea milima, na yeye lazima aipime.

Lakini kuna kipengele cha kumi na tisa. Mtu wa nchi kavu: jina na simu ya mtu atakayejua saa ya chombo kuondoka na saa ya kurudi, na atakayetoa taarifa kisiporudi. Nilikuwa nimeandika: Watu wote.

"Watu wote hawana namba ya simu," akasema. "Nataka mmoja. Na nitampigia, akubali mwenyewe."

Nikampigia Kipara palepale. "Mjomba, Jumapili nikitoka zamu nalala kama gogo, utazama nikikoroma." Nikampigia mpwa wangu. Mtoto ana adabu, alinisikiliza. "Mjomba wangu, mimi huku nitajuaje kama umerudi? Huna mtu karibu hapo?" Nikamwambia ninao wengi, namchagua yeye kwa heshima. Akasema nimtafutie mwingine, yeye kazini hawaruhusu simu.

Nikaperuzi majina yote kwenye simu. Wenye milango niliowachongea funguo. Abiria wa Jumapili, ambao nimewaandika "Mrefu", "Kofia", "Mama Kofia". Simu zao ninazo na majina yao sina.

"Na wewe, mama?" nikamuuliza Bi Mihuri.

"Mimi ni ofisi, baba." Alisema kwa upole. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

Jumamosi, 4 Mei

Siku nne nimezunguka na simu mkononi. Leo nimempigia. Nikaeleza moja kwa moja, bila serikali wala heshima. Upande wa pili nikasikia mashine ikisimama.

"Huna mwingine?"

"Sina."

Nilisubiri aniulize wale tisa wako wapi. Hakuuliza.

"Andika jina langu," akasema. "Lakini sikiliza. Ujumbe wa maandishi, sio kupiga. Saa ya kuondoka, saa ya kurudi. Sitaki kusikia ulichokiona huko."

"Sawa."

"Na sio kwamba narudi."

"Sijasema."

"Nakujua. Usije ukasema gatini."

Alhamisi, 9 Mei

Imebaki siku moja. Bi Mihuri alimpigia mbele yangu, akaweka simu sikioni kwake, sikusikia kitu isipokuwa "ndiyo mama" na "ahsante mama". Kisha mihuri mitatu kati ya sita. Nina hati na nina namba, ya kubandika pande zote mbili za mbele. Nikataka kumwambia kitu kikubwa. Nikamwambia feni yake inahitaji grisi tu, nitakuja Jumatatu na kopo. Akasema atashukuru.

Jumapili, 12 Mei

Mvua imeisha, ziwa limejaa hadi ngazi ya tatu. Nilibandika namba tangu alfajiri. Kipara akaja kuzisoma, akanipa mkono. Nikangoja abiria hadi saa tatu. Mrefu alipita na familia yake wakielekea kwenye boti ya jirani, iliyopakwa rangi mpya. Akapunga mkono. Nikapunga.

Nikaandika: Naondoka saa tatu. Nitarudi saa tano.

Akajibu: Sawa.

Nilikwenda hadi maji ya katikati, peke yangu. Kiti cha mbele kitupu, boti inainua pua kuliko nilivyozoea. Nikazima injini nisikilize. Kulikuwa kimya. Nikajikuta naanza, "Hapa ndipo, jamani, siku ile..." nikasita, maana hapakuwa na jamani. Nikakaa. Ziwa ni zuri. Nilikuwa sijaliona vizuri, miaka yote saba nimeligeuzia mgongo nikiwatazama wao.

Kuwasha, haiwaki. Nikavuta kamba hadi mkono ukafa ganzi na shati likalowa jasho. Kumbe tundu la hewa la tangi la mafuta nilisahau kulifungua, kosa la mtu wa siku ya kwanza. Nilipoingia gatini simu ilikuwa imeshaingia ujumbe, saa tano na dakika sita:

Uko wapi?

Nikausoma nikiwa nimeshika kamba ya kufungia, boti ikajigonga gatini, Kipara akanipigia kelele. Nimejaribu kukumbuka nani mwingine ameniuliza hivyo tangu aondoke. Huwa wananiuliza boti iko wapi.

Nilianza kuandika kuhusu wimbi. Wimbi refu kama nyumba, kutoka upande usiokuwa na upepo. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Nikafuta. Nikaandika: Niko gatini. Nilisahau kufungua tundu la hewa la tangi.

Akajibu: Haya. Ukajipanguse.

Sasa niko nyumbani, nimejipangusa. Nimefikiria Jumapili ijayo nichelewe tena makusudi. Ni rahisi mno, ni kukaa dakika sita tu pale katikati. Nimeifikiria tangu mchana na bado naifikiria. Nimeamua nitamwandikia saa tano na nitarudi saa tano.